Kanda Iliyokatwa Mkia

Mimi nimechoka kuulizwa habari za Hodo. Hodo mwenyewe yuko hai, anauza vitambaa sokoni, kibanda chake kinajulikana na mdomo anao. Lakini kila mnapomwendea, nyinyi mnaokusanya maisha ya wanawake mfanye kitabu, anawaambia, "Nendeni kwa habaryar yangu, yeye ndiye mwenye maneno." Habaryar ni dada ya mama, mama mdogo. Ndiyo mimi huyo. Amenitupia mzigo akijua siwezi kuwafukuza wageni waliokwisha kunywa chai yangu.

Mkaniachia karatasi, mkasema mama andika tu kama unavyosema. Mnaona rahisi. Kuandika nilijifunza ngumbaru, nikiwa na wajukuu tayari, na mwalimu alikuwa mdogo kuliko mtoto wangu wa mwisho. Herufi zangu zinapanda mlima. Vidole vinauma, macho yanatoa maji, na jua la Garissa mnalijua. Basi nitasema mara moja. Na msinirekebishie, nikisema kitu nimekisema.

Hodo alizaliwa Buna, huko juu Wajir, kwa watu wa ngamia. Ngamia walipokwisha kwa ukame, dada yangu alimpandisha juu ya lori la mbuzi akamleta kwangu Iftin, mtaa wa hapa Garissa. Alishuka ananuka mbuzi, nywele zimejaa vumbi, akaniambia, "Habaryar, nimeambiwa hapa kuna mto." Nikamwambia mto upo, lakini si wetu. Hakunielewa. Nikamlea pamoja na binti yangu Filsan, godoro moja, sahani moja, viboko sawasawa.

Akaolewa na Guleid, dereva, kijana mpole aliyekuwa amefanya kazi Jeddah. Guleid alirudi na kamera ya video, kubwa, ya kubeba begani, ukimwona ungedhani amebeba mwanambuzi mgonjwa. Nia yake ilikuwa kupiga picha za harusi. Sasa harusi zetu ninyi mnazijua, na asiyejua nimwambie: wanaume upande wao, wanawake upande wao, na harusi yenyewe iko upande wa wanawake. Huko ndiko kuna dhahabu, nywele, hina, na buraanbur, yale mashairi ya kina mama, mmoja anaimba kwa ngoma na makofi, mwingine anaingia katikati anacheza mpaka jasho. Mwanamume hakanyagi huko. Upande wa wanaume ni wali na magari.

"Nimepiga picha magari mpaka magari yananisalimia," Guleid aliniambia. Ndipo akamfundisha mke wake. Akamfundisha kamera, betri, taa, hata jenereta, kwa sababu jenereta ikikohoa ndani ya harusi lazima mtu aijue koo lake. Baadaye Guleid akafa njiani, gari lilipinduka kule upande wa Mwingi. Hakumwachia mtoto. Alimwachia kamera.

Kazi ya Hodo ilisimama juu ya sharti moja. Kanda ya upande wa wanawake ikijaa, anaitoa palepale, anaifunga kwa kitambaa, anamkabidhi mama wa bibi harusi mkononi. Haendi nayo nyumbani. Hatoi nyingine kama hiyo. Kwa sharti hilo mji mzima ulimfungulia milango, na kina mama wenye waume wakali walivua mitandio yao mbele ya kamera yake kama vile ni kioo cha chumbani. Mnielewe hapo, maana mambo yote yanatoka hapo.

Harusi ya Filsan aliipiga picha Hodo. Mimi ndiye niliyeimba, naye Filsan akacheza. Sitawaeleza alivyocheza. Wiki hiyohiyo mumewe akamchukua kwenda kwao Bute, na Bute si mahali pa kwenda na kurudi. Barabara ni mbovu na wenye bunduki walikuwa wengi. Kanda ikabaki kwangu, ndani ya sanduku, chini ya nguo. Televisheni sikuwa nayo. Nilipomkumbuka mtoto wangu nilikuwa nakwenda kwa mke wa Billow, mwenye duka na jenereta na deki ya kuchezea kanda, na Billow akiwa safarini tunafunga mlango tunaitazama.

Sasa niwaambie ya maji. Mto Tana unapita kando ya mji huu, mkubwa, mwekundu, umeshiba. Na sisi wa Iftin tulikuwa tunanunua maji ya mkokoteni wa punda, na asiye na kitu anateremka mtoni na mtungi wake. Mtoni kuna mamba. Hayo si maneno ya kutishia watoto. Kila mwaka alikuwa anakwenda mmoja, wawili, na wakirudi wazima wanarudi pungufu.

Mkubwa wa maji wa wakati ule, ofisi yake sitaitaja, wenyewe wanajijua, alisema katika mkutano kwamba wanawake wa Iftin hawaendi mtoni. Maji ya mikokoteni yanawatosha, wanaoteremka ni wachache wasiosikia. Hodo alikuwa kwenye mkutano huo. Tangu siku ile, harusi ikiisha na betri ikiwa na uhai kidogo, anabeba kamera yake anateremka mtoni na wale wachache wasiosikia.

"Naa Hodo," nikamwambia, "nani atakulipa kwa kupiga picha mitungi?"

"Hakuna, habaryar."

"Basi unapiga ya nini? Betri unazimaliza, na viatu."

"Yule mtu amesema hatuendi. Nataka aone tukienda."

"Si aje atazame kwa macho?"

"Yeye maji yake yanaletwa na lori mpaka mlangoni. Aje mtoni kutafuta nini?"

Aliteremka huko kwa miezi. Wengine walimrushia matope. Wengine walisema kamera inahesabu watoto, na mtoto akihesabiwa hupatwa na jicho la husuda. Akawa anawaambia watazame kwenye kidirisha cha kamera, wanaonana wenyewe kwa wenyewe, wanacheka, wanasahau. Hakuwa na mtu wa kumsaidia, wala hakuwa na shirika lililomtuma. Vumbi likamwingia kifuani, akawa anakohoa mpaka alfajiri namsikia ukutani, maana chumba chake kilipakana na changu. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, yote pamoja.

Katika wanawake wa mtoni alikuwapo Samsam. Huyu alikuwa mkimbizi wa kutoka Kismayo, anaishi Iftin bila karatasi yoyote, anafua nguo za watu. Mamba alimkamata mkono akiwa anachota. Wenzake walimvuta upande huu, mamba akavuta upande ule, na mkono ukabaki huko. Alipopona akarudi kufua kwa mkono mmoja. Hodo alimwomba aseme mbele ya kamera, akakataa. Anaogopa kuonekana, kwa kuwa anayeonekana huulizwa kipande, kitambulisho. Akaombwa tena akakataa. Siku moja akaja mwenyewe mlangoni kwangu, akamkuta Hodo anakula.

"Kesho napanda lori kwenda Dadaab, kambini," akasema. "Huko wanaandika watu wa kupelekwa mbali. Nikienda sirudi. Kama unataka nikuambie, nitakuambia leo. Uso wangu usiuonyeshe. Na nitasema mara moja."

Hodo akasimama na tonge mkononi. Kanda hakuwa nayo. Kanda zilikuwa zinaletwa na malori kutoka Nairobi, na wiki ile barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya majambazi. Akanitazama. Nikajua anatazama sanduku langu.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Habaryar, mwanzo wa kanda ya Filsan ni nini? Si magari? Wazee wanakula wali, magari yanapiga honi. Nitarekodi juu ya magari tu, yafutike. Ngoma iko nyuma, sitaigusa. Wallahi sitaigusa."

Nikafikiri. Ni kweli, mwanzo ulikuwa magari, na magari yenyewe hayakuwa ya kwetu. Nikaitoa nikampa.

Samsam akakaa juu ya ndoo, amegeuka ukutani, Hodo akapiga picha bega na mkono uliokatika. Yale maneno nayajua kwa moyo. Alisema hivi: "Watu wanadhani niliulilia mkono. Mimi niliulilia mtungi. Mkono ulikuwa wangu, lakini mtungi ulikuwa wa kuazima, na mto ukauchukua. Nikiwa kitandani hospitali akaja msichana ametumwa, akaniuliza, mtungi uko wapi? Nikamwambia muulize mamba." Halafu akasema, "Mwonyesheni mwenye kufunga na kufungua mfereji. Mimi nimemaliza." Asubuhi akapanda lori.

Zile picha za mtoni, za miezi yote, Hodo akazifuatisha baada ya maneno hayo, kidogo kidogo kutoka kanda nyingine, kwa deki ya Billow na kamera yake, na mwisho kabisa akarudisha tena sauti ya Samsam. Kazi hiyo ilimkondesha. Alipomaliza, kanda moja ilikuwa na mambo mawili: mbele mto, nyuma ngoma ya binti yangu. Alikusudia kuutoa mto auweke kwenye kanda yake peke yake barabara ikifunguka. Lakini mkubwa wa maji tuliyemwita alikubali kuja kutazama kabla haijafunguka, na mkubwa akikubali humwambii ngoja.

Tukakusanyika uani kwa Billow baada ya Alasiri. Wazee wamekaa mbele, Mzee Kulow mwenyekiti wao katikati, mkubwa kando yake na viatu vinavyong'aa. Wanawake nyuma ya pazia. Hodo akasimama karibu na deki, kidole tayari, ili Samsam akimaliza mara ya pili abonyeze izime.

Mto ukaonekana. Mitungi inateremka, mitungi inapanda, mwanamke mwenye mimba kaingia maji mpaka kiuno, na mtu hasemi kitu, ni sauti ya maji tu. Mkubwa aliacha kutazama saa yake. Hodo hakuondoa kidole kwenye kitufe, nilimwona kutoka kwenye upenyo wa pazia.

Ndipo jenereta ikakohoa. Picha ikatetemeka. Billow akapiga kelele nyuma ya ukuta, "Hodo! Hodo! Inakufa hii!" Hodo akakimbia kwenda kuishika, maana Billow jenereta ni yake lakini haijui. Akaikamata vizuri, ikatulia, umeme ukaja wenye nguvu. Samsam akasema maneno yake ya mwisho. Na Hodo bado yuko nyuma ya ukuta, mikono ina mafuta.

Ngoma ikalia.

Filsan katikati, kichwa wazi, shingo imejaa dhahabu, na kina mama wa Iftin wote wanapiga makofi mabega nje. Mbele ya wazee. Mzee Kulow akasema "Astaghfirullah!" akajishusha kofia usoni. Mkubwa akacheka, akasema, "Sasa haya ndiyo maji?"

Mimi sikufikiri. Nilitoka nyuma ya pazia, nikavua garbasaar yangu, ile shuka kubwa ya kujifunika, nikaitupa juu ya televisheni. Nikabaki na kitambaa cha kichwa mbele ya wanaume, mimi Habibo. Picha ikafunikwa, lakini sauti je? Sauti ilikuwa yangu mwenyewe, naimba sifa za binti yangu chini ya shuka, kwa nguvu, na kina mama wanaitikia. Kitufe sikukijua. Nikabonyeza hiki, sauti ikazidi. Mwishowe nikashika nyaya zote nikazing'oa, cheche zikaruka, ikawa kimya.

Mkubwa akainuka. "Mama," akasema, "mmeniita kuona maji mkanionyesha harusi. Nikitaka harusi nitaalikwa." Akaenda zake. Kabla ya Magharibi hadithi ilikuwa imefika daraja la mto. Hakuna aliyetaja mtungi hata mmoja.

Kesho yake akaja Muslimo. Huyu ni mke wa mfanyabiashara wa mifugo, mwanamke mwenye nyumba ya mawe na sauti ya mawe. Nyuma yake kina mama wote waliocheza.

"Habibo! Umetuuza!"

"Keti kwanza, Muslimo. Mtu hapigi kelele kwangu amesimama mlangoni kama askari."

"Siketi! Dada yangu alikuwa pale mabega wazi. Sasa wazee wa Iftin wanayajua mabega ya dada yangu!"

"Wazee walifumba macho."

"Mzee Kulow alifumba moja!"

Mwanamke mmoja nyuma yake akacheka, akakimeza kicheko.

"Kanda ichomwe," Muslimo akasema. "Leo. Na huyo Hodo wako asikanyage harusi yoyote mji huu."

Hilo la pili lilikuwa limetimia tayari. Tangu asubuhi mama wa bibi harusi mmoja alikuwa ametuma mtu kusema Hodo asije. Akafuata mwingine. Hodo alikuwa ndani, amelala amegeukia ukuta. Akasema bila kugeuka, "Wape, habaryar. Ichomeni yote. Kamera nitaiuza."

Nikatazama mgongo wake. Kanda ile ikiungua, Samsam ameungua. Samsam hayupo tena wa kuulizwa, na alikwisha kusema hasemi mara mbili. Na ile miezi ya mtoni, kikohozi, matope, yote majivu, halafu mkubwa aseme wanawake wa Iftin hawaendi. Nikarudi mlangoni.

"Ngoma itachomwa," nikawaambia. "Mbele ya macho yenu, kwa mkono wangu, na ni ngoma ya binti yangu, kwa hiyo anayeungua zaidi ni mimi. Lakini mbele ya ngoma kuna kitu cha mtu mwingine. Hicho hakichomwi."

"Tutajuaje umechoma kweli?"

"Mtatazama kwanza. Wanawake tupu, milango imefungwa. Mkiona ni ngoma yenyewe, nitaikata."

Wakakubali. Nilijua watakubali, maana hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameiona ile kanda, na kila mmoja alitaka kujua alicheza vipi. Billow tulimtuma msikitini. Akasema adhana bado. Mke wake akamwambia aende akaingoje hukohuko.

Tukakaa. Muslimo akasema, "Ipeleke mbele, tuone ngoma."

Hodo akanyoosha kidole. Nikamshika mkono.

"Kanda ni yangu," nikasema. "Tunaanza mwanzo."

"Habibo, hatukuja kutazama mto."

"Basi fumba macho kama Mzee Kulow. Lakini tunaanza mwanzo."

Wakanung'unika, wakatazama. Kina mama hawa hawateremki mtoni, mnielewe. Maji yao huletwa na punda au na mfuaji. Wanaona mtungi ukiwa umejaa mlangoni. Siku ile waliuona ukiwa mtupu. Samsam akasema ya mkono na mtungi, na aliposema msichana ametumwa hospitali, chumba kizima kikamgeukia Muslimo, kisha kikageuka haraka kutazama kwingine. Wote tulijua Samsam alikuwa anamfulia nani.

Mto ukapita wote. Hakuna aliyenung'unika tena. Ngoma ilipoanza hakuna aliyepiga makofi mwanzoni. Halafu Filsan akaingia katikati, na dada yake Muslimo akapita na yale mabega yake ya ugomvi, mtu akacheka, mwingine akasema "Tazama tumbo langu lilivyokuwa dogo!", na makofi yakaanza polepole humo chumbani yakifuata yale ya kwenye kanda. Mimi sikupiga. Nilikuwa namtazama mtoto wangu.

Ilipokwisha, Muslimo akaikamata ncha ya shuka yake. Kisha akasema, hakumwambia mtu yeyote, "Nilimtuma yule msichana. Mtungi ulikuwa mpya." Akajifuta uso nayo. Akaniambia, "Habibo, usiichome ngoma. Ifungie sandukuni. Tutasema tumeichoma."

"Nimesema itachomwa."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na Hodo hatapata harusi nyingine mji huu kama kuna mtu mmoja anadhani ngoma ile ipo. Leteni jiko."

Hodo akalia. Akasema habaryar hapana, Filsan yuko Bute, hujamwona tangu aondoke. Nikamwambia anyamaze afanye kazi yake. Akaichezesha tena mpaka Samsam anaposema mara ya pili kwamba amemaliza, akaisimamisha, akaitoa. Kwa bisibisi ndogo ya cherehani akaifungua tumbo. Nikachukua makasi yangu ya kitambaa. Akanionyesha mahali, nikakata. Kichwa cha mto akakifunga tena kwenye gurudumu lake. Mkia, utepe mrefu mweusi unaong'aa, nikaukunja mkononi kama uzi nikautia kwenye makaa. Haukuwaka kama karatasi. Ulijikunja, ukayeyuka, ukanuka kama kwato ya ngamia. Kina mama wakatazama mpaka mwisho. Sijutii. Lakini sasa nikimfikiri Filsan akicheza, siku nyingine mikono yake siipati.

Kazi iliyobaki aliifanya Muslimo, na sifa yake simnyimi. Mkubwa wa maji hakutaka kuja mara ya pili. Basi mume wa Muslimo akamwalika chakula cha mchana, mbuzi na wali na ndizi, na mtu aliyekula kwako hawezi kuinuka kabla ya chai. Alipokuwa ananawa mikono, televisheni ikawashwa. Muslimo akakaa mbele kabisa, amejifunika vizuri, anamtazama mgeni uso badala ya kutazama picha. Kanda ikafika kwa Samsam, ikafika mwisho, ikakatika, tak, giza. Hakuna harusi.

Mkubwa akauliza, "Huyu mama yuko wapi?"

"Amekwenda," Muslimo akamwambia. "Lakini wengine wako mtoni sasa hivi. Gari lako linafika mpaka ukingoni. Twende, mimi nitakaa mbele nikuonyeshe njia."

Akaenda, na buibui yake na ukubwa wake, akakaa kiti cha mbele cha gari la serikali. Mpaka leo watu wanacheka.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Tulikwenda ofisini na kurudi mpaka mlinzi akawa anatuuliza habari za wajukuu. Lakini uzio ulijengwa: nguzo za chuma ndani ya maji, waya mnene, wanawake wanachota ndani na mamba wanatazama nje. Na Iftin tukapata mfereji, unaotoa maji siku unayopenda wenyewe. Hodo akarudishiwa harusi zake. Mitaa mingine ikamwita, akawa anakwenda na ile kanda na deki ya Billow amezifunga ndani ya godoro juu ya mkokoteni wa punda, anawaonyesha, anawaacha wabishane. Kila mara nilimwambia apumzike. Kila mara alisema keshokutwa. Wakati uzio umesimama, mamba hakuchukua mtu pale. Hata mmoja.

Halafu ikaja mvua ya Elinino, mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Mto ukapanda ukala kingo, ukang'oa nguzo kama mtu anavyong'oa mboga. Paa la Hodo likaanguka, kamera ikalala ndani ya matope, na alipoifungua ilitoa maji kama mbuzi aliyezama. Kanda ilipona kwa kuwa ilikuwa kwangu, sandukuni. Wakaja wageni na misaada, watu wazuri, wakaiona, wakalia. Wakasema watakwenda nayo Nairobi waitoe kopi, wairudishe wiki hiyohiyo. Hodo akawapa. Baadaye tukasikia ilionyeshwa katika ukumbi wenye viti laini, watu wakalia tena, wakapiga makofi, wakanywa soda. Kanda haikurudi mpaka leo.

Uzio nao haukurudi. Mwezi uliopita mtoto wa Yarow, jirani yangu wa ukuta, alishikwa gauni na mamba pale pale penye nguzo zilizolala. Gauni likachanika, ndiyo salama yake. Tukaenda ofisini, mimi na Muslimo na Hodo na kikohozi chake. Kuna mkubwa mpya, kijana, ana kalamu nzuri mfukoni. Alitusikiliza, akatupa viti. Kisha akasema kwa taarifa alizo nazo, wanawake wa Iftin hawaendi mtoni.

Mnaona mahali tuliporudi. Na Hodo hana kamera, na Samsam alikwisha kusema mara moja.

Basi nimewaandikia, kurasa zote mlizotaka. Sasa na nyinyi nifanyieni kazi. Wewe unayesoma, fungua kabati lako, fungua na la ofisi yako, uliza na wenzako wa huko Nairobi. Ni kanda nyeusi, ubavuni ina alama ya bisibisi, na mwisho wake unakatika ghafla, hakuna wimbo, hakuna majina. Usininakilie, usinisifie, usilie. Mpe dereva wa basi la Garissa, mwambie ni ya Habibo wa Iftin, karibu na duka la Billow. Mume wa Muslimo amekwisha kumchagua mbuzi, na yule kijana wa kalamu amekubali kuja kula.